Mtandao wa Nyumbani Bila Kutoboa Ukuta

Mkataba wangu wa upangaji unakataza kutoboa kuta, kwa hiyo nilipoamua kuunganisha kompyuta mbili na printa katika mtandao mmoja, ilinibidi kwanza nizunguke nyumba nzima nikitafuta mahali ambapo waya ungepita bila kuacha alama. Nilipapata chini ya milango: waya bapa hupenya kwenye upenyo ulio juu ya sakafu, na mlango hufungwa bila kuukwaruza.

Ruta, yaani kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani, niliikuta imeachwa na mpangaji aliyetangulia, ambaye bila shaka bado alikuwa na nywila zake, na hili nililiona kuwa jambo zito kuliko waya wote. Niliirejesha katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma kwa ncha ya sindano, nikashikilia hadi taa zote zikazimika na kuwaka upya, kisha nikaweka nywila mpya ya usimamizi na nyingine ya Wi-Fi kabla ya kuunganisha kifaa chochote.

Niliiweka katikati ya nyumba, juu ya kabati, kwa sababu masafa ya gigahezi 5, ingawa yana kasi, hudhoofishwa haraka na kuta, ilhali yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini huingiliwa kwa urahisi na mitandao ya majirani. Katika masafa haya ya gigahezi 2.4, majirani wengi walikuwa kwenye chaneli ya 6, moja ya njia ambamo masafa hayo hugawanywa. Mimi nilihamia ya 11, na chumba cha nyuma kikapata mawimbi thabiti.