Eddie Robinson, Kocha wa Chuo Kimoja

Hapa Dar es Salaam, kocha wa klabu ya Kariakoo akipoteza mechi mbili mfululizo, mjadala wa vijiweni na wa redioni huhamia mara moja kwenye jina la mrithi wake. Ndiyo maana mimi, ninayefundisha vijana mpira wa miguu wakati wa jioni huku Temeke, nimevutiwa sana na maisha ya Eddie Robinson, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyeanza kazi katika chuo cha Grambling, jimbo la Louisiana, mwaka 1941 na kustaafu hapohapo mwaka 1997.

Robinson alizaliwa mwaka 1919, na kabla ya kuajiriwa alikuwa kibarua katika kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge. Grambling kilikuwa chuo cha Weusi, kwa kuwa enzi hizo vyuo vikuu vya Wazungu wa Kusini mwa Marekani havikuwapokea. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi tatu na kupoteza tano. Msimu uliofuata, wa 1942, timu yake ilishinda mechi zote tisa bila kuruhusu hata pointi moja. Vita vikasimamisha timu kwa miaka miwili, naye akafundisha shule ya sekondari ya mji huohuo mpaka timu iliporudi.

Ukocha wake haukuwa wa kupanga mbinu tu. Alifyeka nyasi za uwanja, akachora mistari na kuandika habari za mechi kwa ajili ya magazeti. Na timu iliposafiri, chakula kilibebwa kutoka nyumbani kwa sababu migahawa ya njiani haikuwahudumia watu weusi. Asubuhi alipita mabwenini akipiga kengele ili wachezaji waamke na kwenda darasani, na kwangu mimi kazi hiyo ya kengele ina uzito kuliko kombe lolote alilotwaa, kwa maana wachezaji wengi wa chuo hawafiki katika ligi ya kulipwa, na anayebaki bila mpira wala elimu ameangushwa na kocha wake.

Waliofika, hata hivyo, walikuwa zaidi ya 200. Mwaka 1949 Tank Younger alijiunga na Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Lakini kulikuwa na nafasi moja ambayo timu za kulipwa hazikutaka kumkabidhi Mweusi, nayo ni ya kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe kwa nani. Vijana weusi waliocheza nafasi hiyo vyuoni walikuwa wakihamishiwa nafasi nyingine mara tu walipofika juu. Robinson aliliona hilo kuwa jambo la kubadilishwa kwa maandalizi, akamlea James Harris kwa makusudi kama kwotabeki wa ligi ya kulipwa, na mwaka 1969 Harris akaanza msimu katika nafasi hiyo akiwa na Buffalo Bills. Mwanafunzi wake mwingine, Doug Williams, aliiongoza Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1988, akiwa kwotabeki wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa huo.

Mwaka 1985 Robinson alipata ushindi wa 324, akampita Bear Bryant, kocha aliyekuwa na rekodi ya ushindi mwingi zaidi na aliyejijengea jina katika chuo kikuu cha Alabama, ambacho timu yake ya kwanza haikuchezesha Mweusi hadi mwaka 1971. Milango ya vyuo hivyo vikubwa ilipofunguka, vijana wenye vipaji ambao zamani wangekwenda Grambling walianza kwenda huko. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya kudhoofika kwa Grambling baadaye, ingawa lawama zilimwangukia kocha. Misimu yake mitatu ya mwisho alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na mwaka 1996 alishinikizwa aondoke, kabla ya kuruhusiwa kumalizia msimu mmoja zaidi. Wapo watakaosema kwamba angeondoka mapema zaidi. Mimi naona kwamba mtu aliyekipa chuo chake ushindi 408 alistahili kuchagua mwenyewe siku ya kuaga, na msimu ule mmoja ulikuwa haki yake. Mwaka 1998 nafasi yake ilichukuliwa na Doug Williams, ambaye aliipa Grambling ubingwa wa ligi yake mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 2000 hadi 2002.