Gogo la mnazi na saa ya simu: tulivyopata kivuko mbele ya skuli yetu

"Fundisheni watoto kuvuka." Hilo ndilo jibu nililopewa kila nilipoisemea barabara inayopita mbele ya skuli yetu, njia ya Fuoni hapa Unguja, na mpaka leo linaniudhi. Watoto wetu kuvuka wanajua. Mtoto wa darasa la pili atakwambia atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana kwetu gari ya kwanza kukufikia inatoka kulia. Asichoweza ni kuona kupitia bati la daladala.

Skuli ina mikondo miwili. Mchana wale wa asubuhi wanatoka na wale wa mchana wanaingia, mamia ya watoto kwa wakati mmoja. Daladala zilikuwa zikisimama mkabala kabisa na geti. Mtoto akishuka, anapita mbele ya pua ya gari ili avuke. Nyuma inakuja vespa au gari ndogo, inaipita daladala iliyosimama, haimuoni mtoto wala mtoto haioni, mpaka wakutane katikati ya lami. Mwanafunzi wangu mmoja alivunjwa mguu hivyo hivyo, na hakuwa wa kwanza. Huyo utamfundisha nini?

Vijana wa maskani ya jirani walichoka kusubiri kabla yangu. Waliniambia wanajenga tuta wenyewe. Niliwakataza, lakini walikuwa na uchungu, na mmoja wao mdogo wake alikuwa ameshagongwa. Wakachangishana, wakanunua mifuko ya saruji, kokoto wakapewa na fundi, na usiku wa manane wakafunga barabara kwa mawe na kumwaga zege. Asubuhi tuta hilo hapo, kimo chake shubiri na ushei, limechongoka juu. Siku ya mwanzo mtaa mzima ulifurahi. Gari zilitambaa, watoto wakavuka bila mbio, wazee wakawaombea dua vijana.

Kisha madereva wakapata ujanja. Gari za chini zilikuwa zikikwaruza tumbo, basi wakaanza kulikwepa tuta kwa pembeni, kwenye mchanga, pale pale wanapotembea watoto! Kitu kilichowekwa kuwalinda kikazileta gari miguuni mwao. Na usiku lilikuwa halionekani, halina rangi wala taa ya kulimulika. Bwana mmoja alikuwa na mkewe kwenye vespa wakitoka taraweh, wakalipanda kwa kasi, wakarushwa, yule mama akavunjika mkono. Baada ya hapo walikuja watu na sururu wakalivunja, na wakubwa wakapata la kusema: "Mnaona? Matuta ni hatari." Kila nilipotaja tuta nikakumbushwa lile. Hatari ilikuwa umbo lake, na kutoonekana, na pembeni kuachwa wazi. Hayo hakuna aliyetaka kuyasikiliza.

Nilipokwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alinipokea vizuri. "Mwalimu," aliniambia, "barua nitaigonga muhuri hata sasa hivi. Lakini kule juu watakuuliza ushahidi. Utawapa nini?"

Mimi nasomesha hesabu, na jibu lilinijia njiani nikirudi. Niliazima mkanda wa kupimia kwa seremala, nikapima mita 50 kando ya barabara, nikatia alama ya chokaa huku na huku. Darasa la sita nikawaweka upande wa ndani wa ukuta: mmoja anapunga kitambaa gari ikipita alama ya kwanza, mwengine ana simu yenye saa ya sekunde, wa tatu anaandika. Hesabu ni nyepesi. Mita gawa kwa sekunde, zidisha kwa 3.6, unapata kilomita kwa saa. Gari inayotumia sekunde 6 kumaliza mita 50 inakwenda 30. Ikitumia sekunde 3.6 inakwenda 50. Nyingi ya zile tulizozipima zilimaliza chini ya sekunde 4, na zilizokuwa mbaya zaidi ni za jioni katika Ramadhani, kila mtu anakimbilia futari. Sijapata kuwaona wanafunzi wakipenda kugawanya desimali kama wiki zile.

Ukitaka kupima kwenu, simameni pasipoonekana. Dereva akiwaona watoto na simu anapunguza, na hesabu yako inaharibika.

Barua ikawa ukurasa mmoja na jedwali. Nilieleza kwamba dereva wa kasi ya 50 akichukua sekunde moja tu kushtuka, gari imeshakwenda mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Niliandika kwamba Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na kwa kuwa kuna wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya tu, nikawatajia Dar es Salaam, ambako mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka njia za miguu, matuta na vivuko kwenye skuli, ukapata tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross, mwaka 2019. Nadhani hilo la Dar ndilo lililowagusa.

Wakati barua inazunguka maofisini, daladala ziliendelea kusimama pale pale. Kwa mautingo nilishazungumza mpaka sauti ikakauka. Walikuwa na heshima, "Sawa mwalimu, sawa mwalimu," na kesho yake wanasimama getini. Mmoja akanambia ukweli: "Mwalimu, sisi tunasimama walipo abiria."

Basi nikawahamisha abiria. Abiria walikuwa wakisubiri pale kwa sababu ya kivuli cha kibanda na gogo la mnazi la kukalia. Hatua thelathini hivi mbele, ukishapita geti, kuna mwembe mkubwa ambao hakuna aliyekuwa akiutumia kwa kuwa chini yake palikuwa na taka. Tulifagia Jumapili moja, vijana wale wale wa maskani wakalibeba gogo mpaka chini ya mwembe, na nikamuomba bwana wa madafu ahamishe mkokoteni wake. Alikubali baada ya kuuona ule ubaridi. Haikupita wiki abiria wote wako mwembeni, na daladala zikawafuata. Sasa anayeshuka anavuka kwa nyuma ya daladala, ambako anaona kinachokuja na yeye anaonekana. Gharama yake ni mafagio na soda za vijana, haifiki elfu thelathini.

Mhandisi wa barabara alipokuja kwa barua ile, jedwali analo mkononi. Alipima mwenyewe, akauona mwembe, akasema kituo kibaki huko. Tulichojengewa ni tuta bapa: juu ni tambarare kama sentimita 10 kutoka kwenye lami, pundamilia imechorwa juu yake, miteremko pande zote mbili, rasta za kumshtua dereva kabla hajafika, na nguzo fupi pembeni ili asiikimbilie njia ya watoto. Taa ilichelewa, tuliidai peke yake.

Darasa la sita la mwaka huu limepima tena. Gari nyingi sasa zinatumia sekunde 6 na zaidi.

Rangi inafifia kila ikipita masika, kwa hiyo ombi la kuipaka upya naliandika mapema na kulipitisha kwa sheha. Lililobaki ni gari zinazoegeshwa juu ya njia ya miguu kuelekea Mwanakwerekwe, watoto wanalazimika kushuka barabarani kuzizunguka. Tumeshaanza kuzihesabu.