Bibi, ukindu na ule mkono wa kushoto

Watu wengi bado wanadhani sisi wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku) ni mazoezi tu, kunja mkono kunjua mkono, au eti tunawatafutia wagonjwa ajira. Mimi swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni siku yako ilikuwa inaendaje kabla hujaugua, ukiamka unashika nini, nani anakusubiri.

Kuna bibi mmoja wa huku Pangani namhudumia, kiharusi kimempiga upande wa kushoto, vidole vimejikunja kiganjani. Tulimpa vikombe vya plastiki apange, akawa anapanga kwa heshima tu, macho yako dirishani. Nilipomuuliza akasema, "Mimi mwanangu nasuka mikeka, harusi gani kule kwetu haijakalia mkeka wangu?" Yaani hata sauti ilibadilika.

Basi binti yake akaleta ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia, tukaulowesha kidogo ulainike, tukaanza na ukili mwembamba, ule utepe wa msuko unaoshonwa kuwa mkeka. Ule mkono mgonjwa mwanzoni kazi yake ilikuwa kukandamiza tu msuko usifumuke wakati wa kulia unapitisha jani, juu, chini, juu, halafu siku zilivyokwenda kidole gumba kikaanza chenyewe kutafuta ukingo. Kwenye vikombe kilikuwa kimegoma kabisa.

Tulipokuwa chuo Moshi tulisoma kwamba Ann Wilcock, mtaalamu wa fani yetu wa Australia, aliandika mwaka 1998 kuhusu kufanya, kuwa, na kuja kuwa yule unayetamani kuwa, baadae ikaongezwa na kuwa sehemu ya watu. Hiyo ya mwisho ndo naishikilia sana siku hizi, manake majirani anaosukaga nao barazani walikuja kumuona, wakaushika ukili wakaanza kumwambia umelegea huu, na yeye akawajibu hapohapo kwa ukali, na ile saa nzima hakuna aliyemuongelesha kama mgonjwa.

Mkono hautarudi wote, nimemwambia ukweli. Ila sasa mjukuu wake anakaa pembeni, bibi anamwelekeza, akikosea anamfumulisha anaanza upya, na anasema zamani hakuwa na nafasi ya kufundisha mtu.

Natamani sana vyumba vyetu vya tiba viwe na ukindu, unga, nyavu na jembe, sio mipira na vikombe peke yake. Jumatatu nina kijana fundi baiskeli, nimeshamwambia kaka yake aje na spana na gurudumu moja bovu.