Bibi, mama na blanketi la viraka

Mtu ambaye hajakaa Arusha mwezi wa saba anadhani tunatia chumvi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Meru inajifunika mawingu hata wiki huioni, asubuhi ukungu, mchana manyunyu yale ya hovyo, na nyumba zenyewe tumejenga kama vile baridi haipo, sakafu ya sementi, dirisha la nondo na wavu. Baridi ikishaingia ndani haitoki mpaka mwezi wa tisa.

Sasa bibi mzaa mama akaja kutoka Tanga Julai 2011. Huo ndo mwaka wa mgao, waliokuwepo wanakumbuka, maji kwenye mabwawa yalishuka, umeme unaweza ukaja usiku wa manane umelala ukakatika kabla hujaamka. Mi nilikuwa nimemaliza form six Februari, nipo tu nyumbani nasubiri chuo mwezi wa kumi, JKT ya lazima ilikuwa haijarudi, kwahiyo kazi yangu kupika na kumsaidia mama kushona. Mama ni fundi, alikuwa anashonea sebuleni na Singer yake ya miguu, na mwaka ule hiyo ndo ilitutoa maana wale waliokimbilia cherehani za umeme walikuwa wanashinda barazani wanapiga stori.

Bibi alishuka stendi na baibui jepesi na kandambili aisee. Usiku ule akalala na sweta mbili za baba moja juu ya nyingine, asubuhi namwamkia shikamoo bibi haitikii, ananiangalia tu. "Nyie huku mwaishi vipi?" Akataka jiko la mkaa liingie chumbani kwake na dirisha lifungwe. Mama akagoma kabisa, na alikuwa na haki, ile hewa ya mkaa haina harufu na kila baridi ikija tunasikia watu wamelala na jiko hawakuamka. Bibi akanuna. Na hela ya blanketi jipya mwezi ule haikuwepo, ada za wadogo zangu zilikuwa zimemaliza kila kitu.

Ndo mama akakumbuka salfeti. Kila fundi ana salfeti lake la mabaki, vipande vya vitenge, mikono ya magauni, vingine vya kujazia mito. Tukalimwaga lote mkekani, tukatoa satini na krepu maana zinateleza na kufumuka, vikabaki vya pamba. Mama akaniambia niviloweke kwanza vyote, kitenge kipya kikifuliwa kinarudi, na kingine kinachuja, ukishona hivyo hivyo siku ya kwanza kufua blanketi linajikunja lote. Sa jaribu kukausha nguo Arusha Julai. Tulizianika mpaka juu ya viti, tukamalizia na pasi ya mkaa.

Mama akakata kadibodi ya katoni mraba, kila kipande kifuate hiyo saizi, halafu tunaunga vinne vinne. Kwa macho ni kazi safi ila kona zilikuwa hazikutani. Hapa imekutana pale imepishana nusu inchi, mama anafumua, anaunga, anafumua tena, na vipande vingi vizuri vinatupwa kwa sababu ni vyembamba kuliko kadibodi.

Bibi yuko kwenye kochi kajifunika gubigubi, macho tu ndo yanaonekana. Akatazama weee, mwisho akasema, "Wewe mwanangu, mkeka umeona wapi ukishonwa kipande kipande?"

Mama hakujibu. Bibi akajifunua (mara ya kwanza tangu afike!), akashuka chini akakaa na sisi. Yeye kasuka ukili maisha yake yote, na mkeka unavyokwenda ni kwamba unasuka kwanza ukili mrefu, mrefu haswa, ndo baadaye unashona ukili kwa ukili upana utokee. Akasema upana uwe mmoja tu, kiganja chake, urefu wa kipande usijali. Unaunga kipande kwa kipande mpaka upate mkanda, unakata mkanda saizi ya kitanda, unaanza mwingine. Na hapo hakuna kona ya kukutanisha, maungio yanapishana yenyewe, hata kile chembamba kikiungwa kwa ubavu kinapata nafasi. Mama alinyanyua midomo kidogo kama anataka kubisha, akakaa kwenye cherehani. Jioni mikanda ilikuwa imejaa sebule nzima.

Kuna mkanda ulitoka kwenye khanga ya CCM ya kampeni za 2010, ya kijani na njano, jembe limebaki nyundo imeliwa na mkasi. Baba akapita akasema mtatukosanisha na balozi.

Kwa upande wa chini bibi akatoa doti yake mwenyewe ila akakataza isikatwe, jina la khanga halikatwi, akaunga mbili zake nzima nzima. Katikati tukaweka lile blanketi langu la kijivu la bweni, limeshapukutika manyoya lakini ndo linalokamata joto. Hapo Singer ikagoma, sindano namba kumi na nne ikavunjika tak, mama akaweka namba kumi na nane ile ya jinzi, akalegeza na kile kiguu kinachokandamiza nguo, akapita taratibu kwa mishono mirefu. Kabla ya hapo bibi alishapiga bandi kote kwa shazia, ile sindano kubwa ya mkono, sehemu zote tatu zishikane, bila hivyo cha ndani kinakimbilia upande mmoja unalala na khanga tupu. Usiku alikuwa anaendelea na chemli, mi namtungia uzi, ananiita mke mwenzie, ananisema kwamba sina macho wala mume.

Kulala alilala. Tena akawa haamki, mama anaenda kuchungulia kama anapumua.

Mwezi wa nane mwishoni anarudi Tanga, tunafunga mizigo, blanketi halipo kitandani. Lipo ndani ya salfeti, limefungwa kamba tayari. Mama akamwambia mama jamani, Tanga na joto lile unalipeleka wapi, huku watoto wanatetemeka. Bibi akasema ameshona yeye. Mama akasema cherehani ya nani? Walibishana mpaka stendi, konda anauliza huu mzigo unaingia au hauingii, bibi akaupakata hadi Tanga.

Baadaye akapiga simu, blanketi kaliweka barazani, wageni ndo wanalikalia, na jirani yake anataka kama hilo hilo, mama aseme bei. Mama akataja bei ya kuudhi kabisa. Jirani akakubali.