Siku yangu kwenye kitalu cha maua, Moshi

Saa 12 asubuhi nimeshashika keni ya kumwagilia. Kitalu kiko kando ya barabara ya Arusha, na wapita njia wengi wanadhani kazi yetu ni kukaa kivulini kusubiri wenye magari. Hadi saa 4 nachanganya udongo, samadi na mchanga, najaza viriba vya miche. Mgongo unajua.

Saa 4 bajaji ikasimama, akashuka mama mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi wewe kijana, uliniuzia maua au majani?"

Bogenvilia yake, ule mmea wa maua wenye miiba, imefika paani, kijani kitupu. Na huu ni mwezi wa pili, jua kali, zangu hapa zimejaa zambarau na chungwa hadi zinaumiza macho, basi ndiyo akazidi kukasirika. Umeipanda wapi, mama? Chini ya mwembe. Maji? Asubuhi na jioni. Mbolea? Samadi, toroli zima.

Nikamweleza: inataka jua la kutwa, na udongo ukikauka kauka ndipo inachanua. Ukiishibisha samadi inakupa majani.

"Yaani ninyime maji ndiyo nipate maua?" Akaniangalia kama tapeli.

Nikakata tawi nimwonyeshe. Hizi za rangi si maua, ni majani yaliyogeuka. Maua yenyewe ni haya meupe madogo katikati, matatu matatu.

"Kwa hiyo kweli uliniuzia majani!"

Hapo nilikosa jibu. Wateja wengine wakacheka, wawili wakaondoka bila kununua. Nikamsihi asiing'oe, maana mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Apunguze matawi ya mwembe, aikate na yenyewe, kwa sababu rangi hutokea kwenye machipukizi mapya. Na aifunge kamba ukutani. Haina vikonyo vya kujisokotea, inajiegemeza kwa miiba tu. Mpaka tumalize, jua liko utosini, na bado akabishana bei ya mche mwingine mpaka nikachoka nikampa.

Mchana wote ni vipandikizi. Unakata vijiti vya unene wa penseli, unachomeka mchangani, na vingi vinaoza kabla ya kutoa mizizi. Miiba haijali glovu. Anayesema bei yangu kubwa aje ashike hivi vijiti siku moja.

Jioni, sijui hata saa ngapi, simu ikaita.

"Kijana, leo nisiimwagilie kabisa? Hata kikombe?"

"Ile ya zamani usiimwagilie hata kikombe, mama. Mpya mwagilia mpaka ishike."

"Sasa mbona asubuhi ulisema inataka ukavu?"