Shusha Kioo Kwanza

Amri ya kwanza tuliyofundishwa kuhusu Volkswagen ya baba haikuhusu usukani wala kuweka miguu kwenye viti. Ilikuwa fupi: shusha kioo kwanza, ndipo ufunge mlango.

Wanaoyajua magari yale ya mgongo wa kobe wanaelewa sababu. Bodi yake ilibana kiasi kwamba ukifunga mlango vioo vyote vikiwa juu, hewa ya ndani inakosa pa kutokea, inausukuma mlango, nao unakurudia mkononi. Shusha kioo upana wa vidole viwili tu, mlango unaingia mahali pake kwa mlio mmoja mzito, tup, kama mfuniko wa sanduku la mbao. Baba aliusikia mlio ule akiwa chumbani, akajua kama tumefunga sawasawa au tumeacha mlango nusu.

Katikati ya miaka ya 1990 tukaacha kushusha kioo. Hakuna aliyesema tuache. Mlango ulikuwa unafungika tu, vioo vikiwa juu au chini, nasi tukaona ni uzee, mipira imechoka. Gari lenyewe ni la mwaka 1969, limenizidi umri. Mwaka 1998 likasukumwa uani, likafunikwa turubai, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Nililifunua mwaka 2014. Wakati huo macho ya baba yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli vya watu, sura hakuziona tena. Nilitaka akae kwenye kiti kile kwa mara nyingine, gari likitembea, na nilitaka kazi niifanye kwa mikono yangu, hapo hapo nyumbani, naye akiwa karibu. Akaletewa kigoda chake, akaketi kivulini hatua chache kutoka kwenye gari, na kwa miezi saba hapo ndipo palikuwa mahali pake.

Nilianza na sumaku. Niliifunga kitambaa ili isikwaruze, nikaipitisha bodi nzima taratibu, kiganja kwa kiganja. Penye bati inavutwa. Penye puti nene, ule mchanganyiko wa kuziba mabonde ya bodi, inateleza na kuanguka. Paa lilikuwa zima. Boneti ilikuwa nzima. Madigadi zote nne nilizifungua, kwani kwenye gari hili zimefungwa kwa bolti na kati yake na bodi kuna utepe wa mpira, jambo ambalo kila fundi anayelitengeneza hulishukuru. Lakini nilipofika kwenye kizingiti cha mlango wa kulia sumaku ilianguka, nikaiokota, ikaanguka tena, ikaendelea kuanguka urefu wa mkono mzima.

Nikawasha grainda. Badala ya cheche likatoka vumbi jeupe, na baada ya vumbi, harufu ya karatasi inayoungua. Nikazima. Nikachokonoa kwa bisibisi, kikatoka kipande cha gazeti kilichokunjwa kwa ustadi kabisa, kimekauka kuwa kigumu kama kibao. Nyuma yake kingine. Kizingiti chote kilikuwa kimeshindiliwa magazeti, juu ya magazeti puti, juu ya puti rangi iliyong'arishwa vizuri.

"Baba, humu kuna magazeti."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nililipia bati, mwanangu."

Hakumtaja fundi, wala mimi sitamtaja. Lakini nilikasirika siku ile kwa namna ambayo bado naikumbuka mwilini. Gazeti hunywa maji. Kila mvua iliyonyesha kwa miaka ile, kizingiti kilikuwa kimekumbatia kitambaa kibichi. Mtu aliyefanya kazi ile alijua kwamba baba atakuwa ameshaondoka na kuridhika kabla tundu halijarudi.

Kiti cha nyuma kilipotoka nikaiona asili ya yote. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia. Asidi yake ilikuwa imedondoka na kufuka juu ya sakafu mwaka hadi mwaka, ikala rangi, kisha unyevu wa kwenye kapeti ukamalizia. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na oksijeni, na ikishazaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi huvimba malengelenge kabla tundu halijaonekana: unaona lengelenge dogo kama kichwa cha njiti, na chini yake ugonjwa umeshaenea upana wa sahani. Hapa hata malengelenge yalikuwa yamepitwa na wakati. Niliinua kapeti, nikabonyeza sakafu kwa kidole gumba, kidole kikapita. Nikainama, nikaona mchanga wa uani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tuliacha kushusha kioo. Hewa ilikuwa imejipatia mlango wake.

Vipande vya kubadilisha havikunitesa. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, Julai 2003, na sakafu na vizingiti vipya bado vinapigwa kwa ajili ya walio nayo. Nilipata nusu ya sakafu na kizingiti kizima cha kulia. Na hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili nataka nilieleze lilivyokuwa, maana nimeona wengine wakielekea kulifanya.

Kizingiti cha gari hili si pambo la chini ya mlango. Ni boksi la bati lenye uwazi ndani, linalopitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini iliyoko nyuma hadi miguuni pa abiria wa mbele, na boksi hilo hilo ndilo linaloishikilia bodi isijikunje katikati. Kabla ya kulikata unatakiwa kuchomelea vyuma vya kushikiza vinavyokatiza uwazi wa mlango, nguzo hadi nguzo. Nilijua. Nilikuwa nimesoma. Lakini asubuhi ile nilikuwa na hasira na magazeti yale, nikatazama upande wa kushoto uliokuwa mzima, nikajiambia utatosha kubeba. Gari lilikuwa limekaa juu ya stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa. Betri ilikuwa nje na tanki la petroli nimelitoa. Kufikia alasiri nilikuwa nimekata sakafu ya kulia na kizingiti chake, vyote kwa siku moja, na katikati ya gari hapakuwa na kitu cha kulishikilia upande ule isipokuwa paa.

Nikausukuma mlango ufungwe ili nipite.

"Rudia," baba akasema kutoka kivulini.

Nikarudia.

"Huo si mlio wake. Umegonga juu."

Nikapeleka kidole kwenye nafasi kati ya mlango na paa. Asubuhi ncha ya kidole ilikuwa inaingia. Sasa hata wembe haukupita. Chini, nafasi ilikuwa imepanuka. Bodi ilikuwa imelala katikati, nguzo mbili za mlango zimeinamiana kwa juu, na mlango umebanwa kati yake. Nilihisi baridi mikononi. Gari lililosimama imara miaka 45, nimelipinda mimi kwa siku moja.

Niliposema kilichotokea baba hakunilaumu. "Usikate kitu kingine leo. Na usichomelee chochote," akasema. "Ukichomelea sasa, utalifunga likiwa limepinda."

Kesho yake tukaanza. Mlango wa kushoto, ambao sikuugusa, ukawa shahidi wetu. Nilipima kwa futi kutoka bawaba ya juu hadi pembe ya nyuma ya chini, kisha pembe kwa pembe upande mwingine, nikaandika namba kwa chaki sakafuni. Upande wa kulia ulikuwa umepotea kwa milimita 7. Nikaweka jeki chini ya katikati ya gari, juu yake kipande cha mbao kinene ili isitoboe, nikainua robo mzunguko, nikasubiri. Bati hulalamika linaporudi. Linatoa mlio kama wa mlango wa zamani, halafu linatulia. Baba aliusikiliza mlio ule kichwa kikiwa kimeinama. Ulipotulia nikafunga mlango.

"Bado."

Robo mzunguko. Subiri. Funga.

"Bado."

Siku nzima ilikwenda hivyo, na ya pili hadi adhuhuri. Futi iliposema pande mbili zimelingana, nikashusha pumzi na kumwambia baba tumefika. Akasema bado kidogo. Nikamwonyesha namba, ingawa hakuweza kuziona. Nikazisoma kwa sauti. Akasema jeki ikitoka litarudi chini kidogo, kwa hiyo lazima lipite alama ndipo litulie kwenye alama. Nikaongeza kwa shida, kwa woga, hadi milimita moja na ushee zaidi. Nikashusha jeki. Nikapima: sawa kwa sawa. Siku ile nilichomelea vyuma viwili kukatiza uwazi wa mlango kabla sijanawa mikono.

Yaliyofuata yalikuwa ya subira tu. Kizingiti kipya nilikibana kwa koleo za kushikiza, nikatundika mlango, nikaufunga na kuufungua mpaka nafasi ikawa moja pande zote, ndipo nikachomelea. Bati la unene wa karibu milimita moja halitaki kuchomelewa kwa mstari mrefu. Joto hulipindisha kama jani linalokauka. Unaweka nukta hapa, unaruka kiganja kizima, unaweka nyingine kule, unarudi pale pa kwanza pamepoa. Mahali bati mbili zinapolaliana nilipaka praima yenye zinki kwanza, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, kwa sababu baadaye brashi haifiki. Tundu nililoona mchanga likafungwa jioni moja bila sherehe yoyote. Puti nayo nilitumia, nyembamba, juu ya bati safi lililokwaruzwa, kusawazisha mabonde ambayo nyundo haikuyamaliza. Hiyo ndiyo kazi yake. Puti haina kosa.

Rangi ilitupa somo lake pia. Nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mahali ambapo jua halijawahi kufika, nilikuta rangi ya kiwandani: buluu hafifu, safi kabisa, kama ilipakwa jana. Sote tuliokuwa watoto tuliijua ikiwa imepauka. Nilimweleza baba, akasema, "Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo niliyoinunua."

Nilichagua rangi ya selulosi. Rangi za kisasa zenye hadena ya isosayaneti, yaani kemikali ya kuigandisha rangi, ni ngumu na zinadumu, lakini mvuke wake unataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na mimi nilikuwa uani, baba ameketi karibu. Selulosi hukauka kwa thina kuruka tu, ingawa nayo inataka barakoa yake ya chujio, na siku za kupuliza nilimhamishia baba upande wa pili wa nyumba. Kabla ya kupuliza nilirusha vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima, kisha nikasugua kwa msasa namba 400 uliofungwa kwenye kibao. Palipoinuka weusi hutoka haraka. Palipobonyea weusi unabaki, unakuonyesha bonde ambalo jicho halikuliona. Mlango wa kulia niliusugua hivyo mara nne.

Asubuhi niliyopuliza mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jua lilitoka, nikaona inafaa. Tabaka la kwanza likalala vizuri, la pili pia, na nilipokuwa namalizia la tatu nikaona ukungu mweupe ukitambaa juu ya buluu, kama pumzi juu ya kioo. Thina inaporuka huipoza bati, na unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi na kunaswa ndani yake. Nilisimama na bunduki ya rangi mkononi nikitazama mlango ule ule, mlango wa siku mbili za jeki, unavyogeuka maziwa. Hakuna cha kufanya wakati ule ila kuacha. Niliacha siku tatu, nikasugua kwa msasa 800 na maji, nikapuliza upya adhuhuri, hewa ikiwa kavu. Baada ya rangi kukomaa nikaingiza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti vyote viwili kwa mpira mwembamba, nikifuata kila tundu, hadi ikaanza kuchuruzika chini. Sikutaka pabaki mahali ambapo maji yatakaa kimya tena.

Mipira mipya ya milango na vioo nikaiweka mwisho, halafu viti.

Jioni tuliyomaliza nilimshika baba mkono hadi kwenye gari. Alipapasa madigadi, akapapasa ukingo wa mlango kwa kidole kimoja, kutoka juu hadi chini, akienda polepole kwenye ile nafasi. Akaketi. Nikausukuma mlango kwa nguvu ile ile niliyozoea miezi yote saba. Ukafika karibu kabisa, ukasita, ukanirudia mkononi.

Nikausukuma tena. Ukarudi tena.

Ndani ya gari mkono wa baba ulikuwa tayari unatafuta kwenye mlango, chini kidogo, mbele kidogo, mpaka ukaipata hendeli ya kioo. Akaizungusha mara mbili.

"Haya," akasema. "Funga sasa."