Nilivyoacha kuisubiri hamu

Mimi ni bingwa wa kuanza. Daftari jipya, ratiba iliyopigwa mistari kwa rula, kengele ya simu imetegwa saa 11 alfajiri: hayo nayajua sana. Jumatatu hadi Jumatano moto unawaka. Alhamisi kengele inalia, naizima macho yakiwa yamefumba, na ikifika Jumapili ile ratiba nimeshaigeuza karatasi ya kuandikia namba za simu. Nimekwenda hivyo miaka mingi, na kila mara nilijipa jibu lilelile: sina hamu, ikirudi nitaendelea.

Kilichonigutusha ni ngazi. Nilikuwa napanda kwenda ghorofa ya tatu huku naongea na dada kwenye simu, mara akanikatiza: "Mbona unalia?" Sikuwa nalia. Nilikuwa nahema.

Usiku ule sikuandika ratiba. Nilichukua viatu, nikavitia soksi ndani, nikaviweka mlangoni, kisha nikajiwekea sharti moja: asubuhi nikimaliza kupiga mswaki, navaa viatu na kufunga kamba. Kutembea hakukuwemo kwenye sharti. Niliuchagua mswaki kwa sababu hata nikiwa na huzuni, hasira au usingizi, huo napiga tu bila kujadiliana na nafsi. Nilitaka viatu vidandie hapohapo.

Ukishafunga kamba unaona haya kuzifungua, kwa hiyo unatoka. Dakika 10 za kuzunguka, narudi. Ndipo nikagundua hamu yangu huja saa ngapi: kwenye dakika ya nne hivi, nikiwa tayari nipo njiani. Miaka yote hiyo nilikuwa naingoja kitandani! Kuna asubuhi moja nilivaa, nikasimama kizingitini, nikaona leo siwezi, nikavua. Kwenye kalenda nikaweka tiki vilevile, maana sharti lilikuwa viatu. Kuna watakaosema huko ni kujidanganya. Haya, ila kesho yake nilitoka.

Kalenda yenyewe nusura iniponze. Nilikuwa na safu ndefu ya tiki, nikaanza kuipenda kuliko matembezi. Halafu homa ikanilaza siku tatu. Nilipoinuka na kuona yale matundu matatu meupe, nilijisikia kama mtu aliyevunja chombo cha watu, na mkono ulishakwenda kuichana. Kilichonizuia ni utafiti niliowahi kuusoma, wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96, kila mmoja akirudia jambo moja dogo kila siku kwa majuma 12, kama kunywa maji au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Zile siku 21 tunazotajiwa kila mahali kuwa zinatosha kujenga mazoea hazikuonekana. Mtu wa katikati alihitaji kama siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe, lakini mmoja zilimtosha 18 na mwingine alikadiriwa kuhitaji 254. Kilichonifariji zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Zangu zilikuwa tatu, lakini nilijikatia rufaa nikashinda. Kalenda ikabaki ukutani na matundu yake.

Jambo la pili lilikuwa usingizi, na hili lilinitoa jasho kuliko viatu. Nilinunua saa ndogo ya mezani ya kuniamsha ili simu isiwe na sababu ya kulala chumbani. Usiku wa kwanza mkono uliipapasa mara tatu. Kahawa ya jioni nayo niliiacha nilipopiga hesabu: kwa watu wengi mwili huchukua saa 5 hivi kupunguza kafeini kufikia nusu. Kikombe cha saa 11 jioni, nusu yake bado inanizungukia saa 4 usiku, nami nashangaa kwa nini nakodolea dari. Nilipoanza kulala kwa muda wa saa 7 badala ya 5, ule uvivu niliokuwa najilaumu nao ulipungua bila mawaidha ya mtu. Nasema hivi kwa sababu nilishatumia usiku mwingi kutazama video za kuhamasishwa, saa zilezile ambazo ningekuwa nimelala.

Mengine yamenishinda. Chupa ya maji yenye mistari ya saa niliisahau kabatini. Kuandika shajara sikufika hata wiki. Sijayalilia. Matembezi yalirefuka yenyewe hadi dakika 25, siku sita kwa wiki, na siku moja nikazijumlisha nikaona zinafika 150, kile kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, alimradi mwendo uwe wa haraka kidogo. Wangu si wa haraka kila siku.

Kinachonisumbua hadi leo ni safari. Nikilala kwingine, mlango si ule, na viatu viko ndani ya begi. Napiga mswaki, najifuta mdomo, nakaa kitandani na simu kama zamani. Mara mbili nimerudi nyumbani ikabidi nianze upya kujilazimisha. Safari iliyopita nilijaribu kitu kipya: wakati wa kufunga begi, nilitia mswaki kwenye kikasha chake, nikausukuma ndani ya kiatu cha kushoto.